KIMARA MWISHO! Mastaa Wanauza Sura Kwenye Baiskeli za Msaada, Krew Inalala Njaa Ruaha Mbuyuni

Saa kumi na moja alfajiri pale Feri hakuna mtu anayelala. Boti zinaingia, mnada umeshachanganya, dalali anapiga kelele za bei utadhani anagombana na shemeji yake, wapaa samaki wameshakaa na visu mkononi. Sasa siku hiyo, katikati ya vurugu zote hizo, zikatokea gari tano za maana, milango ikafunguka, wakashuka watu wamevaa jezi za kubana zinazong'aa kama jodari aliyetoka majini. Baiskeli arobaini zimepangwa mstari. Mabango ya wadhamini yamesimamishwa upande wa bahari. Jua lilipochomoza, kivuko kikawa kinakata maji kwenda Kigamboni, na picha zilizopigwa dakika zile zilikuwa kali balaa. Insta nzima asubuhi hiyo ilikuwa Feri.

Msafara ulikuwa wa kwenda Mbeya. Zaidi ya kilomita 800, siku saba, kuchangisha fedha za taulo za kike na madawati kwa shule za huko. Jambo jema, na hakuna mwenye akili timamu anayelipinga.

Staa mwenyewe alishuka wa mwisho. Jina kapuni, ila ukihesabu wasanii kumi wa Bongo Fleva wanaopenda kuitwa mabalozi, yumo. Akaenda moja kwa moja kwa fundi, kijana wa Gerezani aliyekuwa ameinamia matairi ya watu tangu saa nane usiku.

"Fundi, hii yangu iko fresh?"

"Iko fresh bosi. Siti nimekushushia kidogo, ilikuwa juu."

"Poa mwanangu. Hebu nipige picha kwanza."

Akamkabidhi simu. Fundi akaweka spana chini, akajifuta grisi kwenye suruali, akapiga picha kumi na mbili mpaka bosi akaridhika.

Safari ikaanza. Posta, Fire, Jangwani, Magomeni, Ubungo, staa yuko mbele kabisa, anapunga mkono, bodaboda wanampigia honi. Walipofika Kimara Mwisho akanyoosha mkono kama mtu anayeita konda, gari lake likapaki pembeni, baiskeli ikarushwa kwenye pikapu, mwenyewe akazama kwenye kiyoyozi. Kwaheri ya kuonana.

Wanaoijua ruti hiyo wameshacheka. Kutoka pale Feri kwenda Kimara ni mwendokasi ile ile ya kila siku tangu mwaka 2016, kituo cha Kivukoni mpaka Kimara. Mama mwenye ndoo ya dagaa anaifanya asubuhi na jioni, tena akiwa amesimama, amebanwa mlangoni, na hakuna kampuni iliyowahi kumpa ubalozi wa kinywaji.

Mpaka hapo ungesema ni umbea tu, staa kachoka, binadamu anachoka, aachwe. Sawa. Yaliyotokea baada ya Kimara ndiyo yanayotakiwa kusemwa, kwa sababu baada ya Kimara kulibaki kilomita karibu 800 na kuna watu walizifanya wakiwa hawana bango, hawana posho na hawana pa kulala.

Watu wengi wakisikia msafara wa baiskeli wanawaona wanaopiga pedeli tu. Krew haionekani. Msafara ule ulikuwa na krew ya watu saba: fundi wa Gerezani na kijana wake, dereva wa kirikuu ambacho siku za kawaida kinabeba viroba Kariakoo, dereva wa pikapu, mama lishe mmoja wa Feri na binti yake, na nesi aliyeomba likizo kazini kwake ili aende. Watu saba kwa waendeshaji arobaini. Hesabu hiyo yenyewe ina kasoro, ila twende na hiyo hiyo.

Chukua maji peke yake. Mtu anayeendesha kwenye jua la Chalinze anahitaji angalau robo tatu ya lita kwa saa, na wengine zaidi. Siku moja barabarani ni kama saa saba. Zidisha kwa watu arobaini: lita 210 kwa siku, na hapo hujapika, hujanawa, hujamwagia mtu aliyezidiwa na joto. Siku saba ni lita 1,470. Mdhamini wa maji alitoa katoni thelathini za chupa ndogo, zile za chupa 24 za nusu lita. Piga hesabu mwenyewe. Katoni moja ni lita 12, thelathini ni lita 360. Hayo hayamalizi siku ya pili. Na katoni kadhaa ziliishia pale pale Feri, maana kila aliyekuja kupiga picha aliondoka na chupa yake.

Kwa hiyo kuanzia Morogoro kwenda mbele, yale maji yaliyokuwa yanaonekana kwenye video yalinunuliwa na mtu. Mtu huyo hakuwa mdhamini.

Fundi naye. Barabara ya Morogoro ina sumu moja ambayo ukipita na gari huioni: waya. Matairi ya malori yakipasuka yanaacha vipande pembeni ya lami, na ndani ya vipande hivyo kuna nyaya nyembamba kama sindano. Mwendesha baiskeli anapita hapo hapo pembeni, atapita wapi kwingine? Siku ya kwanza pancha zilikuwa nyingi kiasi kwamba kijana wa fundi alikuwa anaziba tyubu akiwa juu ya kirikuu kinachotembea, ndoo ya maji katikati ya magoti, anatafuta mapovu. Na pancha ndiyo kazi nyepesi. Jioni watu wanapojinyoosha, fundi anazunguka baiskeli moja moja, anabinya spoku kwa vidole viwili viwili, anasikiliza ipi imelegea. Spoku moja ikikatika kwenye mteremko, rimu inapinda, mtu anaruka. Baiskeli arobaini, kila usiku, kwa tochi ya simu.

Halafu gari la nyuma. Hapa ndipo watu wanapodharau kabisa. Mpaka Chalinze barabara ni moja, malori ya Zambia na Kongo yako humo, mabasi ya kaskazini yako humo, na wote wana haraka. Kinachowatenganisha na mgongo wa mwendeshaji wa mwisho ni pikapu moja yenye taa zinazowaka-zima na kitambaa chekundu. Dereva wake anatakiwa aende mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kutwa nzima, macho kwenye kioo. Muulize dereva yeyote wa masafa, atakwambia bora apelekwe Tunduma usiku kwa usiku. Mwendo ule unaleta usingizi kama dawa. Na Mikumi ndiyo usiseme, barabara inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, tembo na nyati wanavuka wanapotaka, kwa hiyo msafara lazima ubane, magari mbele na nyuma, hakuna kusema huyu atatufuata taratibu.

Watu hao ndio waliotakiwa wawe wa kwanza kwenye bajeti. Walikuwa wa mwisho. Kusema kweli hawakuwemo. Waliambiwa maneno mawili ambayo kila kijana wa Kariakoo aliyewahi kufanya kazi na promota anayajua: "Tutaangaliana mkirudi."

Siku ya tatu jioni, Ruaha Mbuyuni, maji yakaisha na hela ya mafuta ikaisha. Ruaha Mbuyuni ni joto, mibuyu kila upande, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye ndoo. Dereva wa kirikuu akampigia promota.

"Bosi, huku maji yameisha. Na mafuta hayatufikishi Iringa."

"Komaa mwanangu. Niko kwenye kikao na wadhamini, nitakucheki."

Hakucheki. Mama lishe wa Feri akafungua pochi yake, ile hela aliyokuja nayo ya dharura, akanunua unga, nyanya, vitunguu na maji. Akapikia watu arobaini. Waendeshaji wakala, na waseme ukweli, wengi hawakujua chakula kile kimetoka mfuko gani. Krew ikala ukoko na kachumbari. Waendeshaji wakalala gesti. Krew wakatandika turubai juu ya kirikuu, mama na binti yake wakalala kwenye kiti cha mbele wamekaa. Nesi aliyekuwa amefunga vidonda vya makalio vya wanaume wazima siku tatu mfululizo alilala chini ya mbuyu akiwa amejifunika bango la mdhamini. Bango lilikuwa na sura ya staa.

Asubuhi yake ni Kitonga. Kila aliyewahi kupanda basi la Mbeya anaijua Kitonga, kona juu ya kona, korongo upande mmoja, malori yanapumua kama ng'ombe. Mjini nako "kitonga" maana yake ni dezo, kitu cha bure, na hakuna mahali maneno haya mawili yalikutana vizuri kama siku ile. Waliopanda Kitonga walikuwa jasho mpaka kwenye soksi. Anayekula kitonga alikuwa Masaki.

Fundi aliwapiga video wale wa mwisho wanavyomalizia kona ya juu, mmoja analia, mwenzake anamsukuma mgongoni. Video nzuri kuliko zote za safari nzima. Akaituma kwenye grupu kwa bando lake. Dakika arobaini baadaye ikawa kwenye ukurasa wa staa, na maneno: "Kitonga tumeimaliza! Mungu ni mwema." Wadhamini wote wametagiwa. Kampuni ya jezi imetagiwa. Saluni imetagiwa. Aliyepiga video hakutajwa, na "tumeimaliza" hiyo haikufafanuliwa ni nani na nani.

Siku ya tano, Iringa kwenda Mafinga, dereva wa pikapu akasinzia. Alikuwa amelala saa nne kwa siku nne, amekaa. Pikapu ikaacha mstari na kuanza kuwaelekea waendeshaji wa nyuma. Nesi alikuwa kiti cha pembeni, akaukamata usukani akauvuta. Hakuna aliyeguswa. Wale waliokuwa mbele mita chache walisikia breki tu, wakageuka, wakaendelea. Hapo ndipo stori hii inapoacha kuwa ya kuchekesha. Ingekuwa vingine, leo mjini kungekuwa na mabango meusi, mishumaa, staa analia kwenye video, na promota anasema ni mipango ya Mungu. Haukuwa mpango wa Mungu dereva yule akose kitanda. Ulikuwa mpango wa mtu aliyeandika bajeti.

Na bajeti ilikuwepo. Wasidanganye watu kwamba hela haikuwepo. Kulikuwa na uzinduzi hotelini, vitambaa vya meza vyeupe, hundi la bango refu kuliko aliyelibeba. Kulikuwa na fulana mia tano kwa msafara wa watu arobaini na saba. Kulikuwa na kijana wa droni, analala hoteli. Kulikuwa na "pesa ya kuja" ya staa, ambayo wanaoijua wanainong'oneza tu. Anayetaka kujua bahasha ile ilikuwa nene kiasi gani amuulize staa kwa nini alitabasamu namna ile pale Feri saa kumi na moja alfajiri, na kila mtu anajua huwa anaamka saa sita mchana.

Wadhamini wasijifiche nyuma ya promota. Mtu anayetafuta udhamini anazunguka Posta na barua yake, ofisi hadi ofisi, anakaa mapokezi, na swali la kwanza anapoingia si "mna gari ngapi" wala "nesi wenu nani". Swali ni "mna staa gani?" Akisema hana, anaambiwa aache barua. Akisema anaye, anapewa soda. Sasa promota naye ni mtoto wa mjini, safari ya pili hahangaiki kutafuta fundi, anatafuta sura. Halafu mdhamini anatoa vitu badala ya fedha: fulana zenye nembo, kofia zenye nembo, maji yenye nembo. Fulana haizibi pancha. Kofia haiingii kwenye tangi la mafuta. Na kwa kampuni, fulana zile ni tangazo la bei rahisi, wala isiitwe sadaka.

Watetezi wa staa wana hoja yao na si ya kupuuzwa. Wanasema bila sura hakuna wadhamini, bila wadhamini hakuna safari, kwa hiyo staa hata asipoendesha ameleta kitu. Ni kweli ameleta. Mashabiki wake laki kadhaa ni mtaji, na binti wa shule Mbeya akipata taulo za kike hajali aliyezileta aliendesha au alipanda ndege. Basi sema hivyo hivyo. Mtambulishe kama mgeni rasmi, apige picha, aombe watu wachangie, aende zake nyumbani na watu wampigie makofi. Kinachoudhi ni kuvaa jezi ya mwendeshaji, kusema "tumeimaliza", na kuchukua bahasha iliyotakiwa kumnunulia dereva kitanda. Kuleta wadhamini si kibali cha kula hela ya usalama wa waliobaki barabarani.

Tena hoja ya kwamba bila sura haiwezekani, Watanzania wenyewe wameshaikanusha. Kuna Twende Butiama, msafara wa baiskeli wa kutoka Dar mpaka alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu, zaidi ya kilomita elfu moja, kumuenzi Nyerere aliyefariki Oktoba 14, 1999. Wanapita mikoa kwa mikoa, wanapanda miti, wanatoa madawati, wanapeleka huduma za afya. Wadhamini wakubwa wapo. Waulize vijana wa mjini ni staa gani anaongoza, wengi watakuna kichwa, kwa sababu watu wanaijua kwa jina la safari yenyewe. Kuna Kili Challenge ya Mgodi wa Geita, tangu 2002, watu wanapanda Mlima Kilimanjaro na wengine wanauzunguka kwa baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Zaidi ya miaka ishirini. Kiki ya mjini haina umri huo.

Na Mwalimu mwenyewe, ukitaka kujua sura kubwa inafanyaje, mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza. Rais wa nchi. Hakuna kumbukumbu inayosema aliishia kituo cha daladala.

Wenye simu waliona Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza. Wengi wanamkumbuka Pogačar alivyoshinda. Wachache wanamkumbuka Evenepoel, Mbelgiji, alivyosimama kando ya barabara baiskeli ikimsumbua, anasubiri gari la timu limletee nyingine. Mmoja wa waendeshaji wakali kuliko wote duniani, na dakika ile alikuwa hana ujanja, maisha yake yote yako mikononi mwa fundi aliyeko kwenye gari. Gari likaja, akabadilisha, akapambana, akamaliza wa pili. Kule fundi na dereva ni sehemu ya timu, wana kazi, wana kitanda, wana mshahara. Hapa kwetu fundi ni "kijana wangu mmoja hivi".

Mbeya waliingia siku ya saba mchana. Makambako upepo ulikuwa umewapiga mpaka wengine wakashuka wakasukuma, baridi asubuhi vidole havishiki breki. Walikuwa wameungua pua, wamekonda, wawili wamefungwa bandeji magotini. Kama kilomita mbili kabla ya mwisho msafara ukaambiwa usimame. Kusubiri nini? Staa. Alikuwa ameshuka Songwe kwa ndege ya asubuhi, anakuja. Walisimama juani saa nzima na dakika zake. Akafika, jezi mpya, haina hata vumbi, manukato yanasikika kabla yake.

"Fundi, ile baiskeli yangu?"

Fundi akaishusha kwenye pikapu. Ilikuwa imesafiri kutoka Kimara imelala ubavu, juu ya masufuria ya mama lishe. Akaijaza upepo. Akaifuta. Staa akapanda, akaongoza msafara mpaka mwisho, mikono juu. Kwa hiyo ukijumlisha, mtu huyu aliendesha ruti moja ya mwendokasi na kilomita mbili za Mbeya, na kwenye magazeti ya siku ya pili ndiye aliyetoka Dar mpaka Mbeya kwa baiskeli.

Shuleni, maboksi yaliposhushwa, walimu walisaidia kubeba. Boksi la kwanza fulana. La pili fulana. La tatu kofia. Taulo za kike zilikuwepo, ndiyo, na madawati kadhaa, na wanafunzi walifurahi, hilo lisifichwe. Ila maboksi ya fulana yalikuwa mengi kuliko ya taulo, na kuna mwalimu mmoja wa kike aliyesimama mbele ya maboksi yale muda mrefu bila kusema neno.

Michango ya wananchi je? Ile namba ya simu iliyokuwa inapita chini ya kila video, tuma chochote ulichonacho, hata buku? Watu walituma. Wauza samaki wa Feri walichangishana, wamachinga wa Kongo na Msimbazi walituma bukubuku. Mpaka leo hakuna karatasi iliyotoka kuonyesha kiasi gani kiliingia na kilikwenda wapi. Karatasi moja tu. Haihitaji droni.

Basi kampuni inayotaka kutoa udhamini mwaka huu ianze kwa kuuliza majina ya krew, na hela yao itolewe taslimu kabla ya msafara kutoka Feri, iwe na bima ndani, na vitanda, na dereva wa kupokezana, maana mtu mmoja hawezi kuendesha gari la nyuma siku saba. Ikibaki hela, wachape fulana. Na mkataba wa staa uwe na kifungu chepesi tu: akishukia Kimara, posti zake ziseme Kimara. Hakuna ubaya kwenye Kimara, watu wanaishi pale.

Fundi alirudi Dar kwa basi, nauli alikopa kwa nesi. Mama lishe yupo Feri na supu yake, hela ya Ruaha Mbuyuni hajarudishiwa, na ukimuuliza anakwambia, "Mwanangu, kunywa supu." Promota akimpigia anapokea, anamsikiliza, anamwitikia "sawa baba," halafu hakuna kinachokuja.

Barua mpya ya udhamini imeshaanza kuzunguka Posta. Safari hii ni ndefu zaidi. Jalada lina sura ya mtu mwingine, mrembo mmoja wa filamu, amekumbatia baiskeli ambayo kofia yake ngumu bado ina karatasi ya bei. Ukurasa wa wadhamini umejaa nembo. Ukurasa wa wageni rasmi umejaa vyeo. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa: "Krew: itatajwa baadaye."

Wiki iliyopita promota alikwenda mwenyewe Gerezani, gari akaliacha mbali, akatembea kwa miguu katikati ya vyuma mpaka kwenye kibanda cha fundi. Akamkuta ameinama, anabinya spoku.

"Mwanangu, mambo yameiva. Safari hii kubwa. Uko tayari?"

Fundi hakuinua kichwa. "Niko tayari kaka. Ila nalipwa hapa, kabla baiskeli haijafika Fire."